Uru Tatu Zilizobaki kwa Bubu

Hotuba kwa wachezaji wa karata, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene wazee wetu, walimu, akina mama mliokuja na pakiti zenu mkobani, na ninyi vijana mliozoea karata za kijiweni na sasa mmeanza kuionja briji. Baridi ya leo inatufaa, maana hakuna mwenye haraka ya kutoka nje, na mada yetu inataka utulivu.

Tutazungumzia kosa moja. Ni kosa la kuchekesha, na kila meza ya briji duniani imewahi kulicheka. Mtu ana ushindi wote mikononi. Karata zake zimetimia, hahitaji bahati wala hisani ya mpinzani. Halafu anashindwa, na si kwa duru moja, bali tatu. Wanaotazama wanacheka kwa sababu karata zake za ushindi bado zipo pale mezani, zimelala wazi, kila mtu anaziona, na yeye mwenyewe anaziona. Ila hawezi kuzifikia.

Kwa wale wapya, niuweke mchezo sawa kwa ufupi. Wanakaa watu wanne, wawili wawili wakitazamana, nasi tunawaita Kaskazini, Mashariki, Kusini na Magharibi. Karata 52 zinagawiwa zote, kila mtu anapata 13. Kila mmoja akishatupa karata moja, zikawa nne mezani, hiyo ni duru, na mwenye karata kubwa ya aina iliyofunguliwa (shupaza, kopa, uru au pau) anaila, isipokuwa aliyeishiwa aina hiyo akiikata kwa turufu. Basi kuna duru 13 za kuliwa. Kabla ya kucheza kuna mnada: upande mmoja unaahidi kula duru kadhaa, ama kwa turufu fulani, ama bila turufu. Ahadi hiyo ndiyo mkataba, na huhesabiwa kuanzia duru ya saba. Kwa hiyo mkataba wa tatu bila turufu ni ahadi ya kula duru tisa. Mwenye mkataba anacheza mikono miwili, wake na wa mwenzake. Mwenzake anaweka karata zake zote wazi mezani na kunyamaza, ndiyo maana tunamwita bubu.

Kuhusu ahadi niongeze jambo moja, kwa sababu ndilo linalofanya kosa la leo liume. Zamani, katika briji iliyotangulia hii yetu, ukila duru nyingi kuliko ulizoahidi zilikuhesabia vilevile kuelekea ushindi. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama, alipanga utaratibu mpya wa alama: zawadi kubwa humwendea yule tu aliyeahidi kisha akatimiza. Tangu hapo mkataba ni deni. Ukiahidi tisa ukala sita, zile sita haziokoi chochote.

Sasa toeni pakiti, tuzipange karata hizi. Msizikariri, zipangeni mezani, kwa sababu kosa hili linaeleweka kwa macho kabla halijaeleweka kwa masikio.

Kaskazini, ambaye ni bubu: shupaza ree, 6, 3. Kopa 7, 5, 2. Uru malkia, jeki, 10, 9, 6. Pau 8, 4.

Kusini, mwenye mkataba: shupaza mfalme, 8, 4. Kopa ree, 8, 6, 4. Uru ree na mfalme, basi. Pau ree, 7, 6, 3.

Magharibi: shupaza malkia, jeki, 10, 7, 2. Kopa mfalme, 3. Uru 8, 5, 3. Pau malkia, 9, 2.

Mashariki: shupaza 9, 5. Kopa malkia, jeki, 10, 9. Uru 7, 4, 2. Pau mfalme, jeki, 10, 5.

Hesabuni pointi kwa desturi ya ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, jeki moja. Kusini ana 18, bubu 7, jumla 25. Kwa pointi 25 wachezaji wengi huenda tatu bila turufu bila kusita, nao wanafanya vizuri. Mnada hauna kosa hapa.

Magharibi anafungua kwa malkia wa shupaza. Ni ufunguzi sahihi kabisa: ana karata tano za aina hiyo, na malkia, jeki na 10 zimefuatana. Bubu anaweka karata zake mezani. Zamu ni ya bubu, na mwenye mkataba ndiye anayemchagulia.

Hapa ndipo kosa linapotokea, na linachukua sekunde moja. Malkia kalala mezani, bubu ana ree, ree inamla malkia. Mwenye mkataba anasema, "Ree." Bubu anaisogeza. Mashariki anatoa 5, Kusini anatoa 4. Duru imeliwa, kila kitu kinaonekana salama.

Duru ya pili, uru ndogo kutoka kwa bubu kwenda kwenye ree ya Kusini. Duru ya tatu, mfalme wa uru. Naye anakula. Sasa mwenye mkataba anataka kuendelea na uru, anatazama mkononi mwake, uru hakuna. Anatazama kwa bubu: malkia, jeki, 10. Zote tatu haziliki na yeyote, maana karata ya uru iliyo kubwa zaidi kwa wapinzani ilikuwa 8. Duru tatu zimekaa pale kama mahindi yaliyokauka shambani yakingoja kuvunwa. Lakini ili zichezwe, lazima bubu aile duru kwanza kwa karata nyingine, na karata pekee aliyokuwa nayo ya kulia ni ree ya shupaza. Ree hiyo imeshakwenda, imetumika kumla malkia ambaye mfalme wa Kusini angemla vilevile.

Kilichobaki ni mfalme wa shupaza, ree ya kopa na ree ya pau. Ukijumlisha na duru tatu za mwanzo ni sita. Wapinzani wakicheza kwa uangalifu wanakula saba zilizosalia, na uru za bubu zinatupwa moja moja. Malkia wa uru anaweza kuangukia chini ya 7 ya shupaza, na 7 ndiyo inayokula. Meza nzima inacheka, bubu anauma midomo, kwa sababu sheria haimruhusu kusema neno.

Kimahesabu, pale ambapo upande hauko kwenye hatari ya adhabu kubwa, tatu bila turufu iliyotimia ina alama 400. Kuanguka duru tatu ni kutoa alama 150. Tofauti ni 550, na imetokana na karata moja iliyotolewa kabla mtu hajafikiri.

Njia sahihi haihitaji kipaji. Malkia wa shupaza anafunguliwa, bubu anatoa 3, Mashariki 5, Kusini anakula kwa mfalme. Kisha ree ya uru, mfalme wa uru. Kisha shupaza 8 kwenda kwenye ree ya bubu. Sasa bubu yuko ndani: malkia, jeki, 10 za uru. Kopa kwenda kwenye ree, halafu ree ya pau. Shupaza mbili, uru tano, kopa moja, pau moja. Tisa. Na tazameni, hata uru za wapinzani zingekaa zote sita kwa mtu mmoja, bado zetu tano zingekula. Mkataba huu haukuwa na shaka hata chembe.

Ningependa tukae hapa kidogo, kwa sababu kueleza kosa ni rahisi, lakini kujua kwa nini linafanywa na watu wenye akili timamu, hata wenye miaka mingi mezani, ndiko kunakosaidia.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa zamu. Baada ya ufunguzi, anayefuata ni bubu, siyo mwenye mkataba. Kwa hiyo karata ya kwanza unayoulizwa ni ya bubu, na macho yanaishia hapo. Mfalme aliye mkononi mwako bado hajaingia akilini, maana zamu yake haijafika. Mtu anaamua nusu ya jambo kabla hajaiona nusu nyingine.

Sababu ya pili tunaitoa kijiweni. Katika karata zetu nyingi za turufu hakuna bubu. Kila mtu ana mkono wake, na busara ni kula unapoweza kula. Hakuna anayejiuliza duru imeliwa upande gani, kwa sababu upande ni mmoja. Katika briji, kula kwa ree ya kaskazini na kula kwa mfalme wa kusini ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa duru iliyoliwa ni ile ile. Aliyekula ndiye anayeanza duru inayofuata. Hilo tu. Mwalimu akilisisitiza hilo kwa wiki nzima na asifundishe kingine, wanafunzi wake watakuwa wamepata mengi.

Sababu ya tatu ni kwamba karata zenyewe ni nzuri mno. Mtu akiwa na mkono mbaya hufikiri, kwa kuwa anajua yuko matatani. Akiona ree tatu mkononi na uru zote kubwa kwa mwenzake, moyo unatulia, na mkono unakimbia. Ndiyo maana kosa hili hulipati sana kwenye mikataba migumu. Linaishi kwenye mikataba myepesi.

Tunaita karata ya namna ya ile ree mlango. Bubu mwenye uru tano nzuri na ree moja pembeni ni nyumba yenye ghala lililojaa na mlango mmoja. Fikirini mtu anayetoka hapa Iringa kwenda Njombe kwa barabara kuu. Anapita Mafinga, anafika Makambako, na pale Makambako hana budi kukata kushoto. Akisinzia garini akapitiliza, ataamka anaelekea Igawa, na Njombe itakuwa imebaki nyuma. Basi linaweza kugeuza, lakini karata ikishachezwa haigeuzwi.

Tena kuna jambo la kuwasifu wapinzani. Katika mgawo wetu, Magharibi angefungua kwa kopa au pau, mwenye mkataba asingepata nafasi ya kukosea kirahisi hivyo: angekula kwa ree ya mkononi, angezicheza uru mbili kubwa, angevuka kwa shupaza. Ufunguzi wa shupaza ndio uliogonga mlango. Mpinzani hakujua, alicheza aina yake ndefu tu. Lakini wapinzani wazoefu hufanya hivyo kwa makusudi. Wakiona bubu ana aina ndefu na mlango mmoja, wanaushambulia mlango ule kabla ghala halijafunguliwa. Kwa hiyo mpinzani anapocheza aina ambayo ndani yake kuna mlango wa bubu, hiyo ni kengele.

Je, aliyekwisha kosea anaweza kujiokoa? Kwa karata hizi, karibu hana njia. Baada ya uru mbili kuchezwa, Magharibi na Mashariki kila mmoja amebakiwa na uru moja. Mmoja wao akiicheza kwa kupenda, bubu anaingia na kuvuna zote. Yaani watu pekee wanaoweza kukufungulia ghala ni wapinzani. Wewe wape tu nafasi: kula karata zako tatu za uhakika kwa kuchelewa, waache watupetupe, huenda mmoja akaishiwa. Lakini mpinzani yeyote mwenye macho, akiona malkia na jeki wa uru wamelala mezani, ataishika uru yake mpaka mwisho au ataitupa kwenye duru ya aina nyingine. Msitegemee.

Tuingie sasa kwenye ndugu wa kosa hili, maana halizaliwi peke yake.

Ndugu wa kwanza anachekesha zaidi, kwa kuwa ndani yake jambo sahihi ndilo linaloonekana kama wazimu. Bubu ana uru ree, malkia, jeki, 10, 9. Wewe una mfalme wa uru peke yake, hata uru ndogo huna. Bubu hana mlango mwingine. Mchezaji mwenye adabu anacheza mfalme, kwa bubu anatoa 9, anakula duru moja, na amekwama. Amekula uru moja kati ya tano. Dawa yake ni kumcheza mfalme, halafu kumpanda juu kwa ree ya bubu. Ndiyo, unamla mfalme wako mwenyewe. Sasa uko kwa bubu, na malkia, jeki, 10 na 9 zinafuata, kwa sababu uru kubwa waliyonayo wapinzani ni 8. Umetoa kafara karata moja ukala duru tano. Mgeni anayetazama atadhani umekosea.

Lakini angalieni hiyo 9. Bubu angekuwa na ree, malkia, jeki, 10 na 4, hesabu ingebadilika: wapinzani wangekuwa na 9 na 8 na nyingine tano, na ile karata ya tano ya bubu ingetegemea zilivyogawanyika. Bado kupanda juu ni sahihi kama hakuna mlango, maana nne za uhakika ni bora kuliko moja. Ila usiandike tano kwenye hesabu yako kabla ya kuzihesabu.

Ndugu wa pili anaishi kwenye mikataba yenye turufu. Mwanafunzi anafundishwa mapema kwamba akipata mkataba asafishe turufu za wapinzani, yaani acheze turufu mpaka zao ziishe, wasije wakamkatia karata zake nzuri. Ni mafundisho mazuri, mpaka yanapogeuzwa kuwa amri. Tazameni: mkataba ni nne za shupaza, yaani duru kumi. Una shupaza ree, mfalme, malkia, jeki, 5. Kopa ree, 7, 3. Uru mfalme, 6, 2. Pau 7, 4. Bubu ana shupaza 9, 8, 4. Kopa 5 peke yake. Uru ree, 7, 4, 3. Pau 9, 8, 6, 5, 3.

Hesabu: shupaza tano, kopa moja, uru mbili. Nane. Zinahitajika mbili zaidi, nazo ziko sehemu moja tu: kopa zako mbili ndogo, 7 na 3, zikatwe kwa turufu za bubu. Mwanafunzi mtiifu anasafisha turufu. Wapinzani wana shupaza tano, nazo hugawanyika tatu kwa mbili katika takriban asilimia 68 ya migawo, kwa hiyo mara nyingi anahitaji mizunguko mitatu. Na mizunguko mitatu inazimaliza shupaza zote tatu za bubu. Turufu zimesafishwa vizuri sana, za wapinzani na za bubu pia. Kopa mbili zinapotea, pau mbili zinapotea, uru moja inapotea. Amekula nane, ameanguka mbili.

Sahihi ni kuchelewesha turufu. Tuseme wamefungua kwa malkia wa uru. Kula kwa ree ya bubu, siyo kwa mfalme wako, kwa sababu mfalme ni mlango wa kurudia mkononi. Ni swali lile lile la upande gani. Cheza kopa 5 kwenda kwenye ree. Kopa 3, ikate kwa shupaza 4. Uru kwenda kwa mfalme wako. Kopa 7, ikate kwa shupaza 8, siyo kwa ndogo kama ungekuwa nayo, maana mzunguko wa tatu wa kopa unaweza kumkuta mpinzani ameishiwa akakukatia juu. Sasa shupaza 9 kwenda mkononi, ndipo usafishe. Shupaza zako tano zote bado zipo. Kumi zimetimia, hata kama turufu za wapinzani ni nne kwa moja. Hatari kubwa iliyobaki ni uru kukaa tano kwa moja, mfalme wako akakatwa. Hiyo hutokea katika takriban asilimia 14 na nusu, na ni bei ya haki kulipa.

Wa tatu nitampitia haraka. Ni kula ree mapema katika mkataba wa bila turufu, wapinzani wanapofungua aina yao ndefu. Una ree, 6, 4 na bubu ana 7, 5. Kuna hesabu fupi inayosaidia: chukua saba, toa idadi ya karata mlizonazo nyote wawili za aina hiyo. Mna tano, saba kutoa tano ni mbili. Waachie duru mbili, kula ya tatu. Sababu yake ni kumkatia mawasiliano mpinzani mwenye karata tatu, asiweze kumrudishia mwenzake mwenye tano. Lakini msiichukue hesabu hiyo hadi kwenye mgawo wetu wa kwanza. Pale duru tisa zilikuwepo tangu mwanzo. Mwenye tisa hana sababu ya kumpa mpinzani nafasi ya kuhamia kwenye kopa au pau.

Kuna upande mwingine wa kosa hili ambao ni wa mdomo. Mwenye mkataba hagusi karata za bubu, anazitaja, na sheria zimeandika wazi nini kinatokea akizitaja nusunusu. Akisema "uru" bila kutaja ipi, bubu anatoa uru ndogo kuliko zote. Mara ngapi mtu amevuka salama kwa bubu, akasema "uru" kwa furaha huku moyoni akimaanisha malkia, bubu akatoa 6! Na akisema "yoyote," akimaanisha haijalishi, mpinzani yeyote kati ya wawili anaruhusiwa kuchagua karata hiyo. Tajeni karata kwa jina na aina: malkia wa uru. Maneno matatu hayachoshi.

Bubu naye ana haki zake ndogo, na azijue. Mwenye mkataba akitaka kuanza kutoka mkono usio wake wa zamu, bubu anaruhusiwa kumzuia kabla hajacheza: "Uko mkononi mwako." Akimwona hakufuata aina iliyofunguliwa, anaruhusiwa kumuuliza kama kweli hana. Lakini kumwambia "usitumie ree yangu" hairuhusiwi, wala kukohoa, wala kuisogeza karata moja mbele kidogo kabla haijatajwa. Hilo la kusogeza ni baya kuliko watu wanavyodhani. Linageuza mchezo wa heshima kuwa mchezo wa ishara, na upande mwingine una haki ya kulalamika.

Basi kinga ni nini? Bubu anapomaliza kupanga karata zake, mwenye mkataba aweke zake kifudifudi mezani. Mikono ikiwa mitupu haiwezi kukimbia. Kisha ahesabu duru za uhakika, aina kwa aina, pande zote mbili pamoja: shupaza ngapi, kopa ngapi, uru ngapi, pau ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni vidole vyako. Akipata jumla, aulize ziko upande gani, na atavukaje kuzifuata. Katika mgawo wetu angesema: uru tano, mbili kwangu, tatu kwa bubu, kwa hiyo nizicheze zangu kwanza halafu nivuke. Nitavukia wapi? Kopa hakuna, pau hakuna, shupaza ree. Basi ree isiguswe. Kazi yote hiyo ni nusu dakika, na hakuna meza yenye adabu itakayokunung'unikia kwa kufikiri kabla ya duru ya kwanza. Watu hunung'unika unapofikiri dakika tatu kwenye duru ya tano, wakati hakuna tena cha kuamua.

Kanuni ya mkono mfupi kwanza inafaa kukaa kichwani pia. Aina iliyo fupi upande mmoja na ndefu upande mwingine, anza na karata kubwa za upande mfupi. Ree na mfalme wa uru zilikuwa upande mfupi. Zikichelewa kutoka, zinakuwa gogo barabarani, kama lori lililozimika kwenye kona za Kitonga: nyuma yake kuna magari mazima, yenye mafuta na madereva, na hakuna linalopita.

Migawo ya mkono mmoja wa karata 13 inayowezekana ni 635,013,559,600. Ule tuliouchambua leo huenda hamtaupata tena maisha yenu yote, ila ghala lenye mlango mmoja mtalikuta kila jioni mkikaa kucheza, leo kwenye uru, kesho kwenye pau.

Tutacheza mgawo ule wa kwanza mezani, meza zote kwa pamoja, halafu tutaubadilisha: mfalme wa shupaza aende kwa bubu na ree ije kwa Kusini, muone kama jibu linabadilika. Kisha muondoe mfalme wa uru kwa Kusini mumpe Mashariki, naye ampe Kusini uru yake ya 4, ndipo mtajua thamani ya mlango wa pili. Magharibi wa kila meza, fungueni kwa malkia wa shupaza. Kusini, wekeni karata kifudifudi kwanza.